Ripoti inasema "tumekua kwa vyanzo vya ndani", lakini mikopo imepanda. Nisome wapi?

Msoma_Noti

Wakuu, habari za kazi. Ninayo ripoti ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Jina naliacha ili tujadili hesabu tu. Barua ya mwenyekiti inasema "ukuaji wa mwaka huu umegharimiwa kwa kiasi kikubwa na vyanzo vyetu vya ndani". Nikifungua hesabu zenyewe, sioni hivyo. Takwimu zote ni milioni.

Mauzo: 400 mwaka jana, 520 mwaka huu. Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 300, sasa 395. Faida baada ya kodi 38. Kodi 16, riba 17 (kati yake 3 ni riba ya mikataba ya pango), uchakavu 26.

Taarifa ya mtiririko wa fedha:
Uendeshaji: faida 38, uchakavu +26, wadaiwa −31, bidhaa ghalani −22, wadai wa biashara +36, vingine +5. Jumla 52.
Uwekezaji: mitambo na majengo −95, ununuzi wa kampuni ndogo −20.
Ugharimiaji: mikopo mipya +110, marejesho ya mikopo −48, marejesho ya pango −9, gawio −18.
Fedha taslimu: zilikuwa 41, zimebaki 13.

Mizania: mikopo 120 hadi 201. Madeni ya pango 35 hadi 50. Wadai wa biashara 60 hadi 104.

Maswali yangu:
1. Fedha za ukuaji zimetoka wapi hasa?
2. Mikopo: 120 + 110 − 48 = 182. Mizania inasema 201. Hiyo 19 imeingilia mlango gani?
3. Sheria na viwango vinawaruhusu kuandika sentensi ile?

Kuna tetesi pia kwamba mwakani watauza hisa mpya kwa wanahisa waliopo. Mwenye la kusema juu ya hilo namkaribisha.

---

Mtiririko

Karibu mkuu. Umeweka takwimu vizuri, tutafika.

Barua ya mwenyekiti iweke pembeni kwanza. Chukua karatasi, gawa pande mbili: fedha zilikotoka na fedha zilikokwenda. Zote zichukue kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, usichukue kwenye taarifa ya faida.

Zilikotoka: uendeshaji 52, mikopo kwa neti 62 (110 kutoa 48), kupungua kwa taslimu 28 (41 kutoa 13). Jumla 142.
Zilikokwenda: mitambo na majengo 95, kampuni iliyonunuliwa 20, gawio 18, marejesho ya pango 9. Jumla 142.

Pande zimelingana, kwa hiyo hujaacha kitu. Ukiona hazilingani, mara nyingi umesahau athari ya kubadilisha fedha za kigeni kwenye salio la taslimu, au mstari mdogo kama mauzo ya mali.

Hapa watu wengi hugawa 52 kwa 142, wanapata asilimia 37, na wanaishia hapo. Hilo ni kosa. Gawio na pango havisubiri ukuaji, vinalipwa kila mwaka. Kwa hiyo vitoe kwanza: 52 − 18 − 9 = 25. Hizo 25 ndizo zilizobaki kwa ajili ya uwekezaji wa 115. Ni asilimia 22.

Halafu kuna uwekezaji usiopita kwenye taarifa ya mtiririko kabisa. Tangu IFRS 16 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa pango) ianze tarehe 1 Januari 2019, mkataba wa pango wa muda mrefu unaingia kwenye mizania kama mali na kama deni siku unapoanza, bila senti kutoka benki. Deni la pango lilikuwa 35, wamelipa 9, limefika 50. Maana yake wamesaini mikataba mipya ya 24. Hilo ni jengo, ghala au magari yaliyopatikana kwa mkopo, na IAS 7 (kiwango cha taarifa ya mtiririko wa fedha) inataka shughuli za namna hiyo zitajwe kwenye noti (maelezo yanayofuata baada ya hesabu) kwa kuwa haziwezi kuonekana kwenye mtiririko wenyewe. Uwekezaji halisi umekuwa 139 sasa.

Swali la pili: tafuta noti inayoitwa mabadiliko ya madeni yatokanayo na ugharimiaji, au jina linalofanana na hilo. Tangu 2017 IAS 7 inataka taarifa itakayomwezesha msomaji kutoka salio la mwanzo hadi salio la mwisho, na kampuni nyingi huiweka kama jedwali: salio la mwanzo, fedha zilizoingia na kutoka, madeni yaliyokuja na kampuni iliyonunuliwa, tofauti ya sarafu, mengineyo, salio la mwisho. Hiyo 19 lazima iwe kwenye mojawapo ya safu za katikati. Kama jedwali lina safu ya "mengineyo" yenye namba kubwa na hakuna maelezo, hapo ndipo pa kuuliza.

Mwisho, tazama wadai wa biashara, yaani wasambazaji ambao bado hawajalipwa. Mwaka jana siku za kuwalipa wasambazaji zilikuwa 60 ÷ 300 × 365 = siku 73. Mwaka huu 104 ÷ 395 × 365 = siku 96. Kama wangebaki kwenye siku 73, wadai wangekuwa 79. Ile 25 ya ziada imetokana na kuchelewesha malipo. Itoe kwenye 52, zinabaki 27. Toa gawio 18 na pango 9, unabaki na sifuri.

---

Kurasa_za_Nyuma

Mtiririko yuko sahihi kwa njia, ila hesabu yake ya mwisho ina tundu.

Angalia tena. Mizania inaonyesha wadai wameongezeka kwa 44 (60 hadi 104). Taarifa ya mtiririko inaonyesha +36. Hizo 8 zimekwenda wapi? Jibu la kwanza la kujaribu ni kampuni ndogo iliyonunuliwa: imekuja na wadai wake wa 8. Mtiririko wa uendeshaji hauhesabu wadai waliorithiwa, kwa sababu malipo ya ununuzi yote yako kwenye uwekezaji. Hakikisha kwenye noti ya ununuzi wa biashara, jedwali la mali na madeni yaliyopokelewa siku ya ununuzi.

Ikiwa ni hivyo, basi linganisha wadai wa 96 (104 − 8) na 79, sio 104 na 79. Ziada ni 17. Na hata hiyo bado ni makadirio: kama ununuzi ulifanyika mwezi wa kumi na moja, wadai wote wa kampuni ndogo wamo kwenye mizania lakini gharama zake kwenye 395 ni za mwezi mmoja au miwili tu. Siku 96 zinakuwa zimevimba. Kwa kampuni inayonunua nyingine kila mwaka, uwiano wa siku ukokotolewe bila kampuni mpya, la sivyo unapotosha kabisa.

Sasa, kwa nini siku zimerefuka? Sababu zipo tatu. Moja, kampuni imekua na kupata nguvu ya kudai muda mrefu zaidi, jambo halali. Mbili, imeishiwa na inachelewesha, na hapo utaona wasambazaji wakianza kudai malipo ya mapema na bei zikipanda. Tatu, imeingia kwenye mpango wa benki kuwalipa wasambazaji.

Huo wa tatu ndio unaohitaji macho. Unakwenda hivi: msambazaji anatoa ankara ya 100. Kampuni inaithibitisha kwenye mfumo wa benki. Benki inamlipa msambazaji 98 siku ya 10. Kampuni inailipa benki 100 siku ya 150. Kiuchumi huo ni mkopo wa siku 140. Lakini kwenye mizania unaweza kuendelea kukaa kwenye mstari wa wadai wa biashara, na kwenye mtiririko unaonekana kama fedha zilizozalishwa na uendeshaji. Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza iliyoanguka Januari 2018, ilikuwa na mpango wa aina hii, na Moody's, kampuni inayopima uwezo wa kulipa madeni, ilisema baadaye kwamba kiasi cha hadi pauni milioni 498 kilipaswa kuonekana kama deni la benki badala ya wadai wengine. Aliyetazama mstari wa mikopo peke yake hakuona ukubwa wa tatizo.

Kuanzia vipindi vya hesabu vilivyoanza 1 Januari 2024, IAS 7 na IFRS 7 (kiwango cha maelezo kuhusu vyombo vya fedha, mikopo ikiwemo) zinalazimisha noti maalumu juu ya mipango hii. Lazima waseme masharti yake, kiasi kilichomo na mstari gani wa mizania kimekaa, ni kiasi gani wasambazaji wamekwisha kulipwa na benki, na muda wa malipo kwa ankara zilizomo kwenye mpango ukilinganishwa na zisizomo. Msoma_Noti, itafute uweke hapa.

---

Msoma_Noti

Asanteni sana. Nimerudi kwenye noti, na haya ndiyo niliyokuta.

Jedwali la madeni lipo. Ile 19 ni 14 ya mkopo uliokuja na kampuni ndogo na 5 ya tofauti ya sarafu, kwa sababu sehemu ya mikopo ni ya fedha za kigeni. Wadai 8 pia wamethibitika kwenye noti ya ununuzi.

Mpango wa wasambazaji upo, ukurasa wa nyuma kabisa, aya moja na jedwali dogo. Kiasi kilichomo 22, kati yake 19 wasambazaji wamekwisha kulipwa na benki. Mwaka jana kilichokwisha kulipwa kilikuwa 4. Muda wa malipo ndani ya mpango ni siku 120 hadi 180, nje ya mpango siku 30 hadi 60. Yote yamo kwenye wadai wa biashara.

Kuna na jedwali la tarehe za kulipa mikopo: ndani ya mwaka mmoja 88, mwaka wa pili 61, mwaka wa tatu hadi wa tano 84. Jumla 233. Mbona haifanani na 201?

Sharti la mkopo lililotajwa: deni halisi (madeni kutoa taslimu) lisizidi mara 2.5 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Wanasema wamelitimiza. Riba ya wastani wameandika asilimia 7.

---

Mtiririko

Kurasa_za_Nyuma amenirekebisha kwa haki. Nilichukua namba ya mizania wakati ya mtiririko ilikuwa palepale mbele yangu.

Sasa tuna namba halisi, makadirio tuyaache. Ongezeko la fedha za benki lililojificha kwenye wadai ni 19 − 4 = 15. Uendeshaji wenyewe umetoa 52 − 15 = 37. Toa gawio na pango 27, zinabaki 10.

Uwekezaji wote: mitambo 95, kampuni ndogo 20, pango jipya 24, mkopo uliorithiwa 14 (huo ni sehemu ya bei ya kampuni ndogo, umelipwa kwa kubeba deni lake). Jumla 153. Umegharimiwa hivi:

Uendeshaji baada ya gawio na pango: 10
Benki kupitia mpango wa wasambazaji: 15
Mikopo mipya kwa neti: 62
Mikataba mipya ya pango: 24
Mkopo uliorithiwa: 14
Kupunguza taslimu: 28
Jumla: 153

Tuwe waadilifu kwa kampuni: taslimu 28 ni fedha zao, zilizowekwa miaka ya nyuma. Mwenye kuzihesabu kama "vyanzo vya ndani" ana hoja. Anapata 38 kati ya 153, robo. Ila hilo halirudiwi mwakani, kwa sababu imebaki 13 tu. Na hata kwa hesabu hiyo ya ukarimu, robo haiwezi kuitwa "kwa kiasi kikubwa".

Kuhusu 233 na 201: jedwali la tarehe za kulipa linaandikwa kwa fedha kamili zitakazotoka, riba ya baadaye ikiwemo, bila kupunguzwa kuwa thamani ya leo. IFRS 7 ndivyo inavyotaka. Tofauti ya 32 ni riba. Hivyo ile 88 ya mwaka mmoja sio mtaji (mkopo wenyewe bila riba) wote: asilimia 7 ya 201 ni kama 14, basi mtaji wa kurejesha ni takriban 74. Linganisha na mstari wa mikopo ya muda mfupi kwenye mizania. Ukikuta pale kuna 40, kwa mfano, uliza zile nyingine zimepangwaje.

Sasa pima: 88 za kulipa, taslimu 13, uendeshaji wa kweli 37 ambao tayari umekatwa riba. Ni wazi kuna mikopo itakayolipwa kwa mikopo. Tafuta kiasi cha mkopo ulioidhinishwa lakini haujachukuliwa, na usome neno kwa neno kama benki imejifunga kuutoa au inaweza kuufuta wakati wowote. Huo wa pili usiuhesabu.

---

Sharti_na_Saini

Nizungumzie sharti la 2.5, maana hapo ndipo kampuni hukwama wakati faida bado inaonekana nzuri.

Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu ni 38 + 16 + 17 + 26 = 97. Deni halisi linategemea mkataba wa mkopo umeandika nini, na matokeo yanatofautiana sana:

Mikopo tu: (201 − 13) ÷ 97 = 1.94.
Mikopo na pango: (251 − 13) ÷ 97 = 2.45.
Mikopo, pango na mpango wa wasambazaji: (270 − 13) ÷ 97 = 2.65. Hapo sharti limevunjwa.

Mikataba mingi ina kifungu kinachosema hesabu zifanywe kwa kanuni zilizokuwepo siku ya kusaini, ili IFRS 16 isivunje sharti ghafla. Katika hali hiyo pango linatolewa kwenye deni, lakini lazima litolewe na kwenye faida pia, jambo ambalo wachambuzi wengi husahau. Malipo ya pango ya mwaka ni 9 ya mtaji na 3 ya riba, 12. Faida inashuka hadi 85. Mikopo tu: 188 ÷ 85 = 2.21. Ukiongeza 19 za mpango: 207 ÷ 85 = 2.44. Wako ndani ya sharti, lakini kwa nafasi nyembamba: faida ikishuka kwa 3 tu, wamevuka.

Ile noti kusema "tumelitimiza" haitoshi. Marekebisho ya IAS 1 yaliyoanza 1 Januari 2024 yanasema hivi: kama una mkopo ulioupanga kuwa wa muda mrefu na una masharti ya kutimizwa ndani ya miezi 12 baada ya tarehe ya mizania, ueleze masharti hayo ni yapi na yanapimwa lini, kiasi cha mkopo husika, na hali yoyote inayoonyesha unaweza kushindwa. Msoma_Noti, soma tena uone kama wamesema upimaji unafanyika mara ngapi kwa mwaka. Sharti linalopimwa kila robo mwaka lina hatari tofauti kabisa na linalopimwa mara moja.

Jingine: kampuni ikivunja sharti siku ya mizania au kabla, na benki ikatoa msamaha wiki mbili baada ya tarehe hiyo, mkopo bado unakwenda kwenye muda mfupi. Msamaha wa baada ya tarehe haurudishi nyuma. Ndiyo maana unaona kampuni zikihangaika kupata barua ya benki kabla mwaka haujafungwa. Ukikuta mwaka mmoja mkopo mkubwa umehamia muda mfupi halafu mwaka unaofuata umerudi, umeshapata hadithi ilivyokuwa.

Kipimo kimoja cha haraka nisikiache. Riba ya mikopo ni 17 − 3 = 14. Gawa kwa asilimia 7: mkopo wa wastani mwaka mzima ulikuwa 200. Wastani wa mwanzo na mwisho ni (120 + 201) ÷ 2 = 160.5. Kwa nini tofauti? Ama ile mikopo mipya ilichukuliwa mwanzoni mwa mwaka, au mikopo ilikuwa juu zaidi katikati ya mwaka ikapunguzwa kabla ya kufunga hesabu. Ripoti ya nusu mwaka itakuonyesha. Angalia pia riba iliyoingizwa kwenye gharama ya ujenzi chini ya IAS 23. Hiyo haimo kwenye 17, na ikiwepo, wastani halisi ni mkubwa zaidi ya 200.

---

Hisa_Mpya

Naja kwenye tetesi ya hisa.

Kinadharia kampuni huanza na fedha zake, ikikosa inakopa, na hisa ni ya mwisho. Myers na Majluf walieleza sababu mwaka 1984: menejimenti inajua mengi kuliko soko, kwa hiyo ikitoa hisa mpya, soko linashuku kwamba wenyewe wanaona bei iko juu. Ndiyo maana bei huelekea kushuka tangazo likitoka. Kampuni ya namna hii, yenye taslimu 13 na sharti la 2.5 puani, haina tena nafasi ya kukopa sana. Hisa inakuwa njia iliyobaki, sio njia iliyochaguliwa.

Tuchukue mfano. Hisa 12 (milioni) kwa bei ya 50, thamani 600. Wanauza hisa mpya 1 kwa kila 4 kwa bei ya 30. Wanapata 3 × 30 = 90. Bei ya nadharia baada ya toleo ni (4 × 50 + 30) ÷ 5 = 46. Haki ya kununua hisa moja mpya ina thamani ya 46 − 30 = 16. Mwanahisa asiye na fedha za kununua asiiache haki hiyo ilale mpaka muda uishe. Kama inauzika sokoni, aiuze. Akiacha, anabeba kushuka kutoka 50 hadi 46 bila fidia, isipokuwa pale ambapo masharti ya toleo yanataka hisa zisizochukuliwa ziuzwe na ziada arudishiwe yeye.

Faida kwa hisa: ilikuwa 38 ÷ 12 = 3.17. Wakitumia 90 kulipa mikopo ya asilimia 7, wanaokoa riba 6.3, baada ya kodi ya kama asilimia 30 ni 4.4. Faida mpya 42.4 ÷ 15 = 2.83. Usilinganishe 2.83 na 3.17. IAS 33 inataka namba ya mwaka jana irekebishwe kwa sababu hisa zimeuzwa chini ya bei ya soko: 50 ÷ 46 = 1.087, na 3.17 ÷ 1.087 = 2.91. Kushuka halisi ni kutoka 2.91 hadi 2.83, kidogo sana. Anayelia kwamba faida kwa hisa imeanguka kwa zaidi ya asilimia 10 amelinganisha namba zisizolingana.

Kwenye waraka wa matarajio, yaani waraka wa kuuzia hisa mpya, soma sehemu mbili kabla ya zote. Ya kwanza ni matumizi ya fedha. "Madhumuni ya jumla ya kampuni" ni kukataa kujibu. Unataka kuona kiasi gani kinalipa mkopo upi, kiasi gani kinakwenda kwenye mradi upi, na gharama za toleo zenyewe. Ya pili ni kauli ya mtaji wa uendeshaji, ambayo masoko ya Ulaya na Uingereza huitaka: kampuni inatamka kama ina mtaji wa kutosha kwa mahitaji yake ya sasa, ambayo huchukuliwa kuwa angalau miezi 12 ijayo. Ikisema hautoshi, lazima ieleze itaziba vipi. Kauli hiyo haitakiwi kuwa na "kama" na "huenda" ndani yake.

---

Kurasa_za_Nyuma

Swali la tatu bado halijajibiwa.

"Vyanzo vya ndani" sio istilahi iliyofafanuliwa kwenye IFRS. Kwa hiyo hakuna kanuni moja inayosema sentensi ile imevunja kiwango fulani. Lakini haiko huru pia. Chini ya ISA 720 (kiwango cha kimataifa cha ukaguzi) mkaguzi anatakiwa kusoma taarifa nyingine zilizomo kwenye ripoti ya mwaka, barua ya mwenyekiti ikiwemo, na kuangalia kama zinapingana kwa uzito na hesabu alizokagua. Hazikagui, hatoi uthibitisho juu yake, ila akikuta mgongano mzito na menejimenti ikakataa kurekebisha, analitaja kwenye ripoti yake. Soma sehemu ya "taarifa nyingine" kwenye ripoti ya mkaguzi. Na sheria za masoko ya mitaji karibu kila mahali zinakataza taarifa za kupotosha, hata pale kila neno likiwa na njia ya kutetewa.

Tahadhari ya siku zijazo. IFRS 18 inaanza kutumika kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2027, na inaondoa hiari iliyopo leo ya kuweka riba iliyolipwa kwenye uendeshaji. Kwa kampuni nyingi zisizo benki itahamia kwenye ugharimiaji. Kampuni yako kwa sasa inaikata riba ndani ya ile 52. Siku ikihama, uendeshaji utapanda kwa kiasi kinachokaribia 17 bila biashara kubadilika hata chembe, na barua ya mwenyekiti itapata namba tamu zaidi. Utakapofanya jedwali la Mtiririko mwaka huo, iondoe riba pamoja na gawio na pango.

---

Msoma_Noti

Nimeelewa vizuri. Nimesoma tena: sharti linapimwa kila miezi sita, na mkataba unatumia kanuni za kabla ya IFRS 16. Hawajasema kama mpango wa wasambazaji unahesabiwa kama deni. Mkutano wa wanahisa ni mwezi ujao. Niulize nini ili nisipewe jibu la kuzunguka?

---

Sharti_na_Saini

Uliza maswali yanayojibiwa kwa namba au kwa ndiyo na hapana, na uyapeleke kwa maandishi kabla ya mkutano:

"Noti inaonyesha 19 ambazo benki imekwisha kuwalipa wasambazaji. Je, kwenye hesabu ya sharti la 2.5 kiasi hiki ni deni? Uwiano ulikuwa ngapi kwenye vipimo viwili vya mwisho?"

"Benki ikisitisha mpango huo, ankara zinarudi kwenye siku 30 hadi 60. Kampuni italipa kwa fedha zipi, ikiwa taslimu ni 13?"

"Kati ya 88 zinazotakiwa ndani ya mwaka, kiasi gani tayari kina mkopo mbadala uliosainiwa?"

Usiulize kuhusu toleo la hisa moja kwa moja. Kama lipo na halijatangazwa, hawaruhusiwi kukujibu wewe kabla ya soko zima, na wakikujibu pembeni unakuwa na taarifa ambayo huwezi kuitumia kununua wala kuuza. Jibu la swali la tatu litakuambia vya kutosha: wakisema hakuna kilichosainiwa, fedha za kulipa 88 itabidi zitoke mahali, na wewe unajua sasa uendeshaji unatoa ngapi.

---

Mtiririko

Naongeza moja. Omba kumbukumbu za mkutano ziandike swali na jibu kama yalivyo. Kisha ripoti ya nusu mwaka ikitoka, anza na mstari wa wadai wa biashara. Noti kamili ya mpango wa wasambazaji huenda isiwepo kwenye ripoti fupi ya kati ya mwaka, lakini siku za kulipa utazikokotoa mwenyewe. Kumbuka kutumia gharama ya miezi sita na siku zilizomo kwenye kipindi hicho, sio 365.